Mengineyo

Mimi ni karani. Naandika kilichosemwa,
si sauti kilichosemwa kwayo, wala nani alikohoa.
Akidi ilitimia. Yatokanayo yalijadiliwa.
Muhtasari hauna mahali pa kuandika
mikono ya diwani Szalkai Ödön juu ya meza,
kidole cha pete kilichopindwa na waya
enzi akirusha nyundo ya ratili kumi na sita
kwa ajili ya kiwanda cha matrekta,
na nusura, kwa ajili ya taifa.

Nusura hiyo alitufundisha kuipima
darasa la saba B, chumba kinanuka chaki na kabichi.
Alifunga kifutio kwenye uzi, akakizungusha,
nasi tukainama kama ngano upepo ukipita.
"Nikiachia sasa, kitakwenda wapi?"
Tukachora duara hewani kwa vidole.
Akaachia.
Kifutio kikanyooka hadi kwenye ramani ya Hungaria,
kikaacha doa jeupe pale ulipo mji wetu.
"Kinachozunguka kikiachiwa hakizunguki tena.
Kinashika njia ya pale pale ulipokiachia.
Hiyo ndiyo tanjenti. Andikeni."

Tukaandika. Kumbe alikuwa akitusimulia Miskolc,
jaribio la mwisho, saruji ina unyevu,
alivyochelewa kuachia, kupepesa jicho tu,
nyundo ikalala wavuni, bendera nyekundu ikapanda.
Niliambiwa na mkewe, Aranka, kwenye foleni ya posta,
kama mtu anayetaja bei ya siagi.

Barazani alikaa miaka kumi na tisa.
Asiyemjua angedhani anasinzia.
Wenzake walizunguka: daraja, lawama, daraja, lawama.
Aliwaacha. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Wa nne ndipo anauliza,
"Mtaro wa Mtaa wa Kinu una upana gani?"
Kimya.
Yeye alikwisha kuupima, kwa utepe wa kupimia mitupo.
Sentimita thelathini na nane, nusu yake majani.

Alishindwa pia. Shule ilifungwa kwa kura tano dhidi ya nne,
niliandika mwenyewe, kalamu ikakwama kwenye tano.
Watoto sasa hupanda basi saa kumi na mbili na robo, giza bado,
na lile duara la saruji nyuma ya darasa letu
mtu amelifanya pa kuanikia walnati.

Mwaka Tisza ulipopanda hadi kwenye ngazi za kanisa
vijana walirushiana mifuko ya mchanga, ikapasuka.
Akaja, ana miaka sabini na moja, viatu vya mpira hadi gotini.
"Mfuko haurushwi," alisema. "Unakabidhiwa."
Tukapanga mstari hadi asubuhi.
Aliyekuwa mbele yangu simkumbuki sura, namkumbuka viganja.

Kikao cha Novemba, chini ya Mengineyo,
alisema hatagombea tena.
Mwenyekiti akauliza sababu.
"Niliwahi kuchelewa mara moja."
Hakuna aliyeelewa. Niliandika:
Diwani Szalkai alitoa taarifa. Ilipokewa.

Nje, akitafuta funguo za baiskeli yake,
alinipa ule utepe. Mita za mwanzo zimefutika kabisa;
inabidi uanzie tisa, kisha utoe.
Jana nilikwenda nao Mtaa wa Kinu.
Arobaini na moja. Majani yapo.