Mguu wa Nne

Mwaka wa tano, latini-filo,
wanafunzi thelathini na mmoja, madawati kumi na mawili,
nafundisha utenzi wa Wayunani wa kale:
mfalme wa kisiwa cha mawe
aliyepigana vita miaka kumi
na njia ya kurudi ikamla kumi mingine,
kana kwamba bahari nayo ina vizuizi
na kila kizuizi kina mkubwa wake anayedai ushuru.
Hapo darasa lilicheka. Hapo walielewa.

Byamungu, dawati la nyuma, akauliza:
"Madamu, huyo mke, miaka ishirini alikula nini?"
Kitabu hakisemi.
Kitabu kinasema alifuma mchana, akafumua usiku,
ili wachumba waliojaa sebuleni wangoje.

Mama yangu, Kavugho, hakufuma.
Alikaa Majengo kando ya njia na nyundo ya kilo mbili
akipasua mawe ya mlima, ndoo kwa ndoo, kokoto za wajenzi.
Alichovunja mchana, usiku hakikuungana.
Wachumba walikuwepo:
muuza makala mwenye chukudu tatu,
katekista mjane,
na yule wa kila Jumamosi aliyeleta sambaza za kukaanga
akazimaliza mwenyewe.
Mama aliwaambia, "Ngojeni rundo hili liishe."
Na mlima uko pale, unafuka moshi.
Rundo litaishaje?

Baba alirudi Jumanne, kwa meli ya usiku kutoka Bukavu,
shati la mtu mwingine, mfuko wa plastiki,
goti linalokataa kukunjika.
Hakuna mbwa aliyemtambua.
Alipita mara mbili mbele ya kiwanja
akitafuta mparachichi na bati la buluu,
akakuta mita mbili za jiwe jeusi
juu ya kila alichokikumbuka,
na juu ya jiwe nyumba ya mbao,
na kizingitini mwanamke na nyundo.

Mama hakusimama.
"Kama ni wewe," alisema, "ingia ndani,
ukivute kitanda chetu, ukilete hapa uani upumzike."

Nilishtuka. Ukurasa huo ninaujua.
Mama hajawahi kufungua kitabu.

Baba akacheka kidogo, kicheko kikamkatikia.
"Kitanda kile hakivutwi, Kavugho.
Sakafu yetu ilikuwa lava ya zamani, haikuwa sawa hata shibiri moja.
Miguu mitatu niliikata. Wa nne niliuchomeka ndani ya ufa,
nikaukaza kwa saruji niliyoiba parokiani,
nawe ukanishikia koroboi.
Kiko palepale.
Umelala juu yake miaka yote hii."

Mama akaweka nyundo chini.

Kitabuni, hapo mungu mmoja huzuia alfajiri
ili usiku wa wawili hao urefuke.
Goma alfajiri haizuiliki.
Habari ilishapanda chukudu,
na saa kumi na mbili walikuwa uani:
mama wa Muhindo, mama wa Bauma,
shangazi yake Lwaboshi, mke wa Tumusifu,
mama wa mapacha wa Ndosho.
Vijana sita walimfuata baba kwenye mashimo ya Walikale.
Kila mwanamke alikuja na kigoda chake.
Hakuna aliyelia.
Waliketi juu ya lava, nusu duara, kama darasa.

Katika utenzi, wenzake wote huzama.
Walikula ng'ombe wasio wao, asema mshairi, kosa ni lao,
mistari michache, kisha hadithi inaendelea na mtu mmoja.
Nimefundisha hivyo miaka saba.
Nimewapa mtihani juu yake. Nimeweka alama.

Baba alitoka, uso umenawa,
akatafuta pa kuketi, akapata rundo la kokoto.
Akafungua mfuko:
rozari, kijiko, kiatu kimoja cha mpira,
kadi ya mpiga kura iliyowahi kuloa,
mikanda miwili inayofanana.

Mama wa Bauma akasogeza kigoda.
"Anza na wa kwanza," alisema. "Tuna mchana wote."

Kengele ya shule ililia upande wa Katindo.
Sikusimama.