Chuma Namba Saba

Asubuhi ya Julai, Lubumbashi ina baridi ya kuuma masikio.
Nyasi zimegeuka rangi ya ganda la karanga,
na nyuma ya miti kilima cheusi cha masalia ya shaba
kimekaa kama mgeni aliyekataa kuondoka mezani.
Nina mifuko miwili:
begani kulia wa daktari Kapend, kushoto wa mzee Masengo.
Bega la kulia ndilo linaloumia.

Machi daktari alikuja na fimbo za Dubai.
Mei, za Johannesburg, zilizovuka Kasumbalesa
ndani ya lori la unga.
Leo ana nyingine tena, bado zina plastiki shingoni.
Anachomoa moja, anaipima mkononi,
anapiga. Mpira unapinda, unaangukia kichuguuni.
"Hii fimbo," anasema, "haijanijua."
Masengo anakohoa kidogo.
"Utaipa mpaka lini, daktari? Mupaka siku ya ine?"

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima.
Ningependa kuishia hapo, shairi liwe fupi,
nami nikanywe chai.
Lakini nimebeba mifuko hii miaka kumi na tisa
na nayajua yaliyomo.

Fimbo za Masengo ni kumi na moja. Zilikuwa kumi na nne:
moja ilizama bwawani,
moja ilivunjikia kwenye mzizi wa mjakaranda,
moja aliiuza wiki ile Mujinga alipolazwa.
Hakuzichagua.
Kampuni ilipokaa miezi minane bila kulipa,
karani alifungua ghala, akasema: chukueni mnachoweza.
Wengine walibeba milango. Mmoja alibeba sinki,
akalisukuma kwa toroli hadi Katuba, watoto nyuma wakiimba.
Yeye akabeba mfuko wa mzungu aliyekwisha panda ndege.
"Watu wanasema ni uaminifu," aliniambia,
akifuta chuma kwa mkono wa sweta.
"Ni mushahara."

Na zile anazozichoka daktari,
mimi ndiye ninayezitafutia wanunuzi,
mainjinia wageni wa barabara ya Likasi.
Sehemu ya kumi ni yangu.
Mwaka juzi alichoka sana:
mwanangu Ngoie akamaliza sekondari.
Kwa hiyo simcheki mtu asiyetulia.
Kutotulia kwake kumeezeka nyumba yangu mabati.

Ila geuza namba saba ya Masengo, itazame usoni.
Utakuta doa lililolika, duara la upana wa sarafu,
pahali pamoja tu.
Miaka thelathini na kitu imegonga hapo hapo.
Wakati mwingine naweka kidole gumba,
kinatulia ndani yake kama mbegu.
Za daktari hazina doa. Ni laini kama kioo cha duka,
unajiona sura yako, basi.

Hata hivyo leo daktari ameshinda, kwa mapigo mawili.
Hilo nalo liandikwe.
Masengo amelipa soda, na michopo ya mbuzi,
amecheka, amekwenda zake kwa miguu.

Namba saba ameniachia niifunge mpini mpya.
Nimekaa mlangoni, taa ya betri kati ya magoti,
nakata mpira wa ndani wa baiskeli, nazungusha, navuta.
Hii ni mara ya nne.
Na ufito wenyewe, ule wa chuma unaobeba kichwa,
si ule aliokuja nao kutoka ghalani.
Ulipasuka msimu wa mvua, mikononi mwangu, nikaogopa.
Nikautoa mwingine kwenye fimbo ya daktari
iliyokuwa ikisubiri mnunuzi.
Anayejua ni mimi na gundi.

Kesho mzee ataishika, atafumba jicho moja,
atasikiliza kitu ambacho mimi sikisikii,
na atasema, "Unaona? Hii inanijua."
Nitainama kuweka mpira sawa juu ya nyasi,
na nitachukua muda mrefu kuuweka.