Kadi Kumi na Mbili

Siku ya tisa tangu kiharusi kimwangushe,
binti wa tiba ya usemi alikuja wodini
na kadi za picha, kumi na mbili, na fomu ya visanduku.
Jina lake Demelza. Kalamu yake imetafunwa ncha.
"Bi Norma, hiki ni nini?"

Mkate mdogo wa duara.
Mama akautazama kama umtazamavyo jirani wa zamani.
"Stoti," akasema.
Demelza akangoja. Akahesabu moyoni, nadhani, hadi tano.
Akatia alama ya kosa.

Mtoto mchanga ndani ya nepi. "Beani." Kosa.
Buti limezama topeni. "Klaati." Kosa.
Saa ya ukutani alipata.

Miaka arobaini na sita kaishi hapa Koventri,
mkate akiuita bachi, kama sisi sote,
kwa kuwa siku ya kwanza, bibi harusi wa juzi,
aliomba stoti mbili kwa mwoka mikate
na foleni nzima ikaangua kicheko.
Mbachao wake hakuutupa. Aliukunja,
akaulaza chini ya sanduku na dawa ya nondo.
Ila Jumapili, simu ya dada yake ikilia kutoka Sanderlandi,
sauti yake ilipanda ngazi tusizozijua,
na baba akitunyamazisha kwa kidole:
"Mama yenu yuko kwao. Ngojeni arudi."

Nikasema, "Hakukosea.
Huko kwao ndivyo wasemavyo."
Demelza akaweka kalamu chini.
"Kwetu Konwali," akasema,
"bibi yangu sisimizi humwita emeti.
Niliandika hivyo shuleni. Mwalimu alilizungushia wino mwekundu."
Akaigeuza fomu, akaigeuza tena.
Visanduku ni viwili tu, ndiyo na siyo,
na juu yake yupo mkubwa wake, na juu ya mkubwa kompyuta.
Hakufuta kosa hata moja.
Pembeni, kwa herufi ndogo kama chawa,
aliandika: *mzaliwa wa Sanderlandi.*

Chai ikaja.
Mkono wa kulia wa mama umelala juu ya blanketi
kama glavu iliyosahauliwa na mgeni.
Akainua kikombe kwa wa kushoto. Kikayumba,
kikamwaga nusu kifuani.
Akajitazama. Upande mmoja wa mdomo ukacheka.
"Kadiwifta," akasema.

Hakuna kadi yenye picha hiyo.
Ni mtu wa mashoto. Nililisikia mara moja tu,
shangazi akimtania mjomba mezani, mwaka wa theluji nyingi.

Nikampangusa kidevu.
"Ndiyo, Mama. Kadiwafita."

Akafumba macho, akatikisa kichwa,
na polepole, silabi kwa silabi,
akanisahihisha.