Usifute Mvua

Kanda kumi na nne, ndani ya bati la biskuti,
zimelala frijini kwa Shangazi Zuweina, Al-Khoudh,
kati ya achari ya ndimu na papa mkavu wa Sur,
miaka arubaini na ushei.
Amezitilia soksi ya mtoto iliyojaa mchele.
"Mchele hunywa unyevu. Wacha wewe na mashine zako."
Na kweli: picha za ukutani, zisizokuwa na mchele,
zimegandana na vioo vyao.
Ukungu umewala watu wa harusi kuanzia kichwani;
vilivyosalia ni viatu, safu mbili za viatu,
na Shangazi huvitaja kwa kidole:
hiki cha Nasor bin Khalfan,
hiki cha kuazima.

Nje, nyuzi arubaini na saba.
Nilizipakata kanda garini kama mayai,
kiyoyozi juu kabisa, mpaka Ruwi,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mataulo,
kwa Varkey, fundi wa Kerala.
Akalifungua gurudumu la filamu ya harusi, akanusa,
akasema neno moja kwa Kiarabu chake: *khall*.
Siki.
Filamu ikifa hunuka siki.
Akaifunika taratibu, kama mtu afunikavyo uso.
"Sauti," akasema, "labda."

Zilikuwa barua. Bibi Ghanima aliandika kwa mdomo
kule Unguja, akampa yeyote apandaye ndege,
zikafika Matrah zimefungwa kipande cha kanga,
zikasikilizwa, zikajibiwa, na nyingine
(Shangazi hataki niliseme hili)
zikarikodiwa mpira juu yake.
Kanda ya tisa Bibi anaanza: "Kile kitanda, mwanangu, nimekiuza kwa..."
goli!
na uwanja mzima unashangilia dakika arubaini na tano.

Siku kumi na moja Varkey alikaa naye.
Kiswahili hajui hata salamu,
lakini siku ya nne akainua kidole: "Sasa atakohoa."
Akakohoa.
"Na hii *haya basi*, nini? Ameisema mara thelathini na moja."
Nikamwambia: mtu akisema hivyo anaaga.
Akaitazama mashine inavyozunguka.
"Mbona haendi?"

Siku ya kumi na mbili akanivisha hedifoni.
Sauti safi, safi mno.
Bibi amesimama katika chumba kisicho na kuta.
Hakuna atwangaye, hakuna kunguru,
na ule mvumo nyuma ya "salamu zikufike" umekwenda.
"Uchafu nimeutoa wote," akasema, naye anaona fahari.
Nikamwuliza: Varkey, kwenu mna paa la bati?
Akanyamaza. Akaelewa kabla sijamaliza.
Ile ilikuwa masika.
Bibi alipandisha sauti ili aishinde mvua;
ukiiondoa mvua, mama anamfokea mwanawe
kwa kosa ambalo mwana hakulifanya.

Akairudisha. Hakunitoza.

Sasa Bibi yuko ndani ya kidude kidogo kuliko kokwa ya tende,
na nakala iko Nizwa kwa binamu, na nyingine sijui wapi, hewani.
Shangazi hakuyaamini hayo. Kidude amekitia batini,
pamoja na kanda, pamoja na soksi.
Kwanza lakini alitaka kusikia.
"Zima kiyoyozi, kinaniziba mvua."
Agosti hiyo, usiku, Maskati. Nikazima.
Tukakaa tunatoka jasho, tunasikiliza paa la watu likipigwa,
na yeye midomo inamcheza, anahesabu kitu.

"Fundi wako kakosea," akasema mwisho.
"Si thelathini na moja. Moja imo chini ya mvua,
ndogo, kaisema kwa pumzi.
Rudisha nyuma kidogo. Kidogo tena.
Hapo."