Daraja la Chupa ya Kaselya

Miaka ishirini na tisa nimenusa tumbaku kwa mshahara,
robota hadi robota, katika ghala la Ipuli:
kidole gumba kwenye jani, pua, penseli, daraja.
Kwa hiyo Nyamizi aliponiita Ng'ambo jioni ile
sikuitwa kama shemeji. Niliitwa kama pua.

Chupa ilikuwa mezani, imelazwa ubavu,
kama ilivyolala chini ya kitanda chao
tangu padre Anselmi arudi kwao, amwachie mpishi wake.
"Usiifungue kwa furaha ndogo," alimwambia.
Kaselya akasubiri furaha kubwa.
Watoto wakaoa, bati likaezekwa,
redio ikanunuliwa, ikafa,
yeye anasema bado, bado.
Leo ana miezi minne kaburini.

Kizibo kilikatika. Nusu kikazama.
Tukachuja kwa chujio la chai
katika bilauri mbili zenye maua ya dhahabu yaliyochubuka.

Nikageuza karatasi ya soko la zamani, upande mweupe,
nikainamisha bilauri juu yake:
katikati, wekundu wa kiini cha mninga;
pembeni umekwisha kuwa tofali,
tofali la kuchoma lililonyeshewa masika mengi.
Jani nalo huzeeka hivyo, kuanzia ukingoni.

Nikanusa. Hakuna kitu.
Vumbi, kabati, nyumba ya watu waliosafiri.
"Umekufa?" Nyamizi akauliza.
Nikamwambia ngoja; mgeni wa safari ndefu
haulizwi habari kabla hajavua viatu.

Mvinyo ukavua viatu.

Kwanza bani, usiku wa nne wa moto,
jani likiuacha ujani wake bila ugomvi.
Kisha maranda ya mbao kwa fundi Mihambo,
tandiko la baiskeli juani,
kisha, na hili lilinishtua, miombo ya Desemba,
uyoga chini ya majani yanayooza.
Bordo sijafika. Reli yangu huishia Kigoma.
Nani basi aliutia msitu wetu katika chupa yao?

Nikaonja. Uchachu mwembamba, mnyoofu,
kama uzi wa cherehani.
Ukakasi ungalipo, lakini si ule wa ndizi mbichi
unaoukamata ulimi kama mgambo;
ni gunia lililofuliwa hadi likafaa kulalia mtoto.
Nikameza, nikahesabu, kama utotoni tulivyohesabu mabehewa:
ishirini na moja, na breki bado zinasikika.

Nyamizi alikunywa kama dawa, akakunja uso.
Akarudia. Akakaa nao mdomoni.
"Shati lake," akasema. "La Jumamosi, akitoka jikoni kwa padre."
Hilo halimo katika kitabu cha madaraja.

Saa moja baadaye niliunusa tena.
Ulikuwa unaondoka; siki inabisha mlango wa uani.
Akataka niandike. Nikalamba penseli, mazoea tu.
Daraja la kwanza? La msimu upi, kwa ghala la nani?
Nikaandika: Umeiva. Usirudishwe ghalani.

Akasoma, akaikunja karatasi mara nne,
akaitia kwenye kifundo cha kanga.
Mashapo akayamwaga shinani mwa mpapai.
Chupa akaisuuza mara mbili, akainusa, akaisuuza tena:
asali ya mwezi huu ilikuwa haijapata chombo.