Sketi ya Tercel

Baba amelivika gari sketi.
Magurudumu ya nyuma hayaonekani tena,
yamefunikwa kwa vibao vya plastiki vya kampeni,
na ukiinama pale Ethelbert, mbele ya posta,
utaiona nusu ya uso wa mgombea aliyeshindwa
ikitabasamu kichwa chini, karibu na lami.
"Alituahidi barabara," asema baba. "Sasa na aionje."

Metro Sawchyn, miaka sabini na minne,
aliyelima ngano hadi goti likamkatalia,
na Tercel yake ya mwaka tisini na tano,
rangi ya chai iliyopoa.

Alianza na mdomo. Akaziba matundu ya radieta
kwa kadibodi, akaacha upenyo wa kiganja,
maana injini haikuajiriwa, asema,
kumeza baridi yote ya Manitoba.
Kioo cha upande wa abiria kikang'olewa.
Kisha tumbo: akalala chali katika matope ya Aprili,
theluji ikimdondokea shingoni kutoka kwenye bampa,
akalishonea gari tumbo laini kwa waya na misumari bapa,
akitukana Kiukreni, lugha aitumiayo
kwa vyuma na kwa Mungu tu.

Halafu akaja kuiba uzi.

Kikapu cha mama kilikuwa palepale, chini ya dirisha,
na sweta jekundu lililokosa mkono wa pili.
Alisimama mbele yake muda mrefu. Niliosha vikombe
ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha.
Akakata vipande sitini, urefu wa kidole,
akavibandika mgongoni mwa gari, safu kwa safu.

Nikaendesha mimi. Yeye alifuata na Bouvier, jirani,
kichwa nje ya dirisha la pikapu, kofia mkononi.
Juu ya paa nyuzi zililala kama nywele zilizochanwa.
Nyuma ya kioo ziliwehuka,
nyingine zikaelekea mbele, zikinifuata mimi.
"Umeona, Larissa?" alinipigia kelele tuliposimama.
"Pale ndipo upepo unapotea njia!"

Watu hudhani adui yuko mbele, alinieleza
usiku ule, akichora kwenye bahasha ya bili.
Mbele upepo hupasuliwa tu, na ukipasuliwa husahau.
Nyuma ndiko kwenye shimo.
Gari linakimbia, shimo limelishika shati.
Hulishindi kwa nguvu, kwa nguvu unanunua petroli tu.
Unalijaza polepole, unauonyesha upepo pa kukutania.
Akalijengea mkia wa plastiki na utepe wa fedha,
mrefu kama meza yetu ya jikoni,
na watoto wa shule wakalibatiza Kamba-Koche.

Mimi sikucheka. Nililijua daftari lake.
Kwenda Dauphin na kurudi: kilomita mia na ishirini na nne.
Lita nane nukta moja kwa kila mia,
na pensheni inaruhusu lita ishirini kwa juma.
Kwa hiyo mama, kule kwenye nyumba ya wazee,
alikuwa na mume Jumapili na Alhamisi.

Julai, akienda themanini kwa saa,
malori yakimpigia honi kama bata bukini,
kalamu iliandika: tano nukta nne.
Mstari chini. Mstari wa pili.
Kisha, kwa herufi kubwa: JUMATANO.

Tulimsukuma mama hadi kwenye maegesho alione.
Hakulijua gari. Baba alimjua nusu nusu,
kama mtu aliyewahi kumuuzia ng'ombe.
Lakini uzi mmoja mwekundu ulikuwa umesahaulika
pembeni mwa kioo, na mkono wake ukauendea,
ukaupima kati ya kidole gumba na shahada.

"Nani kafuma vibaya hivi?"

Baba alicheka mpaka goti likamwacha,
akaushika mkia asianguke,
nao, kwa kuwa ni plastiki na utepe tu, ukang'oka.

Tulirudi nyumbani kwa tano nukta tisa.
Ameiandika. Hakupiga mstari.