Tarehe Ishirini na Saba

Kiinua mgongo kilipoingia,
kikokotoo kimekwisha kukitafuna mpaka ukabaki mgongo,
kila mtu Tabora alikuwa na kiwanja cha kuniuzia.
Kipo Ipuli, kimepimwa.
Kipo Kiloleni, hakijapimwa ila hakina shida.
Kimoja walitaka kuniuzia watu watatu, asubuhi moja.

Ndipo Lutonja, mtoto wa dada, akapiga simu kutoka Nagoya
anakopakia melini magari yaliyochoka, yaje kwetu.
"Mjomba, huku nyumba nazo ni mitumba.
Ikizeeka, bei inashuka.
Hii ni vyumba viwili, ghorofa ya nne, haina lifti,
ilijengwa mwaka ule ulipohamishiwa Kaliua."

Nikacheka. Nyumba ishuke bei!
Kwetu hata ukuta ulioanguka unapanda.

Akanitumia picha: jiko jembamba kama dirisha langu la tiketi,
sakafu ya mikeka iliyopauka ikawa rangi ya asali.
Na karatasi moja: kila mwezi kila mwenye chumba
huchangia fedha za paa,
paa ambalo bado halivuji.
Hilo ndilo lililonimaliza.
Miaka thelathini na moja stesheni
nimeona paa likisubiriwa livuje kwanza,
ndipo kamati iundwe,
ndipo kamati inywe chai.

Nikanunua.
(Kiasi gani, msiniulize. Nyanzobe mwenyewe nilimwambia nusu.)
Ukitoa kodi ya serikali yao, ada ya wakala,
mchango wa paa, bima ya tetemeko,
kinachobaki si utajiri.

Mpangaji tulimkuta ndani: Bi Hayase,
mjane, miaka sabini na tisa, ngazi zote hizo.
Hulipa tarehe ishirini na saba.
Haijawahi kuwa ishirini na nane.

Sasa lile ambalo Lutonja hapendi nilisimulie:
mimi hapa Isevya nimepanga.
Choo cha nje, umeme tunachangia na fundi cherehani.
Tarehe mosi Mama Sizya hugonga mlango kwa funguo, si kwa mkono,
nami namlipa kwa hela ya Bi Hayase.
Hawajuani. Nimesimama katikati yao kama tarishi.

Juzi Bi Hayase kaandika.
Kidirisha cha bafuni hakifungi, baridi inaingia,
naomba samahani sana kwa usumbufu.
Samahani. Yeye, kwangu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Ndoo ilikuwa pale chini ya dari,
mahali pake tangu Novemba,
tangu nilipomweleza Mama Sizya
naye akanijibu: nimesikia.

Nikashika simu, na neno la kwanza
lililonijia mdomoni lilikuwa hilohilo.
Nikalimeza. Ndoo ikasema to. To.
"Fundi aende kesho," nikamwambia Lutonja,
"na huyo mama asituombe samahani."

Kisha nikainuka, nikaenda kumwaga ndoo.